IST ya 2004: fundi mmoja anasema mwaga oili yote ya giaboksi, mwingine anasema usiguse kabisa

Mwl_Kihesa

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kwa wanaozijua giaboksi za otomatiki, maana nimepelekwa huku na huku mpaka nimechoka.

Nina Toyota IST ya 2004, cc 1300. Niliinunua mwaka jana hapa Iringa kwa mtu aliyekuwa anahamishwa kikazi. Dashibodi inasoma kilomita 178,000 na ushee. Kumbukumbu za sevisi hakuna, na muuzaji naye alikuwa ameipata mkononi kwa mtu, kwa hiyo hakuna anayejua oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, kama iliwahi kubadilishwa.

Injini haina neno. Shida ni gia. Asubuhi nikiwasha na kuweka R gari inatulia kwanza pale pale, halafu ndiyo inashika, tena kwa kishindo kidogo. Ikishapata moto inashika vizuri. Juzi nikitoka Dar tukiwa watu wazima watano na mizigo, kupanda Kitonga nyuma ya malori gia zikawa zinapanda na kushuka kila baada ya kona, na tulipofika juu nikasikia harufu ambayo sikuielewa.

Fundi wa kwanza kaniambia lazima ifanyiwe flashi ya mashine, oili yote itoke siku moja. Wa pili akaruka kabisa: gari ya umri huu ukibadilisha oili ya giaboksi umeiua, iache ife yenyewe. Mshahara wangu mnaujua, sina hela ya giaboksi nyingine. Nataka kuelewa sababu, siyo kuambiwa tu fanya au usifanye. Na je, naweza kupima mwenyewe? Kijiti chake nimekiona, kina alama nne na sijui nisome ipi.

Mchaga_wa_Njia_Panda

Mwalimu usiguse. Jirani yangu alikuwa na Carina, gia zinateleza, akabadilisha oili ya giaboksi, wiki haikuisha gari ikagoma kwenda mbele wala nyuma. Iliondoka na breakdown. Sikiliza huyo fundi wa pili.

FundiTabata

Mwalimu, pole na safari. Mimi kazi yangu ni giaboksi za otomatiki tu, hapa Tabata, injini za watu siziingilii. Hao mafundi wako kila mmoja kashika kipande cha ukweli, na vipande hivyo vikitumika bila gari kupimwa vyote viwili vinaua giaboksi. Umeuliza sababu, na hilo limenifurahisha, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Anza na kupima. Endesha gari dakika ishirini hivi, siyo kuzunguka nyumba. Oili ya giaboksi inachelewa kupata moto kuliko injini, na alama za HOT kwenye kijiti zimepimwa oili ikiwa kwenye nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Tafuta sehemu tambarare kweli. Iringa kwenu hiyo ni ya kutafuta, nenda hata kwenye kituo cha mafuta uombe dakika tano. Injini iache inaunguruma, vuta hendibreki, kanyaga breki, kisha peleka mkono wa gia taratibu kutoka P, pita R, N, D, 2 mpaka L, kila kituo subiri kidogo, halafu urudi P. Hapo umejaza oili kwenye njia zake zote. Injini ikiwa bado inaunguruma chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe mpaka kigote, chomoa tena, soma.

Alama mbili za chini ni COOL, mbili za juu ni HOT. Wewe umepima ya moto, basi oili ikae katikati ya hizo mbili za HOT. Zile za COOL ni za kukusaidia kukadiria unapojaza gari ikiwa baridi, usiamulie chochote kwa hizo. Geuza kijiti usome pande zote mbili na uamini upande ulio chini, kwa sababu bomba lake huwa limelowa na linakipaka kijiti upande mmoja.

Wengi wanapima injini ikiwa imezimwa kama wanavyopima oili ya injini. Kwenye Toyota yako hapo unadanganyika. Injini ikizimwa pampu ya giaboksi inasimama na oili inashuka kwenye sampo (lile bakuli la bati chini ya giaboksi), kijiti kinaonyesha imejaa kumbe imepungua. Kuna Honda nyingi ambazo utaratibu wake ni kuzima injini na kupima ndani ya dakika moja hivi, kwa hiyo mwenye Honda asifuate haya yangu, afuate kitabu chake.

Ukiwa umeshika kijiti, angalia maandishi yake. Aina ya oili imepigwa chapa hapo hapo. Kwa IST ya namna yako utakuta T-IV. Usikubali mtu akuwekee D-II au WS eti zote nyekundu. WS ni nyepesi, imetengenezewa giaboksi zilizokuja baadaye, na Toyota wenyewe hawaruhusu ichukue nafasi ya T-IV wala kuchanganywa nayo. Ukipata oili ya kampuni nyingine, chupani iwe imeandikwa wazi kwamba inafaa kwa T-IV.

Sasa dondosha tone moja kutoka kwenye kijiti juu ya karatasi nyeupe. Hata karatasi ya daftari la wanafunzi itafaa. Iache dakika kumi kivulini. Oili nzima inatawanyika ikiacha duara jekundu au la hudhurungi lisilo na kitu katikati. Oili iliyochoka inaacha doa jeusi katikati, yaani ule uchafu umekaa pale ilipodondoka na kilichotembea ni mafuta tu. Halafu nusa. Oili iliyoungua ina harufu kali inayokera pua, inafanana na klachi iliyoungua ya lori la mlimani, huwezi kuisahau. Mwisho, sugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi chembe zinakwaruza, simama hapo hapo, usiagize hata oili.

Kuhusu jirani wa ndugu yetu wa Njia Panda: amesema mwenyewe kwamba gia zilikuwa *zinateleza* kabla. Ile giaboksi ilikuwa imeshakufa. Ndani ya otomatiki kuna plate zenye ngozi ya msuguano. Zikishaisha hakuna oili itakayozirudishia ngozi. Watu wengi wanakimbilia oili mpya siku gari inapoanza kuteleza, inakufa wiki inayofuata kama ambavyo ingekufa tu, na lawama inaiangukia oili. Ninazofungua mezani kwangu zikiwa na historia hiyo, plate zake nazikuta zimebaki chuma kitupu. Uchakavu wa namna ile hauwezi kuwa wa wiki moja.

Lakini yule fundi wako wa pili naye ana sababu ya woga wake. Giaboksi iliyokaa miaka kumi na tano na oili ile ile ina tope limetulia kwenye pembe na kwenye sampo. Ukiisukuma kwa mashine yenye presha, lile tope linaamka na kwenda kwenye valvu bodi (sehemu inayogawa oili ya kubadilisha gia), ambako njia ni nyembamba na valvu zinateleza ndani ya matundu yasiyo na nafasi hata ya unywele. Valvu moja ikikwama nusu njia, gia inapotea. Ndiyo maana gari ambayo historia yake haijulikani siipeleki kwenye presha.

Dawa yake ni kumwaga kwa nati na kujaza. Ukifungua nati ya chini inatoka chini kidogo ya nusu ya oili yote, karibu lita 3, nyingine inabaki kwenye tokikonveta (kile kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili) na njiani. Kwa hiyo unabadilisha karibu nusu, unatembea, unabadilisha tena. Ukipiga hesabu, mara ya pili unakuwa na oili mpya kama asilimia 70, mara ya tatu zaidi ya 80. Giaboksi inazoea pole pole na tope linatoka kidogo kidogo bila kusukumwa.

Jambo moja zaidi la kupima kabla hujatoa hela. Gari ikiwa ya moto, hendibreki juu na breki imekanyagwa, toa N weka D, sikiliza muda mpaka uhisi gari imeshika. Rudi N, weka R, fanya hivyo hivyo. Vitabu vya gereji vya Toyota vinataka N kwenda D isizidi sekunde 1.2, na N kwenda R isizidi 1.5. Rekodi kwa simu ukiwa mwenyewe. Ikiwa ya moto iko ndani ya hapo na inachelewa asubuhi tu, nahisi oili imepungua au sili (raba za kuzuia oili isivuje) zimekakamaa kwa uzee, na matumaini yapo makubwa. Ikichelewa hata ikiwa ya moto, andika hapa kabla hujaruhusu mtu aiguse.

Likoni_Probox

Salaam aleikum. Mimi niko Mombasa, naendesha Probox kubebea samaki na mboga. Fundi hapo juu amesema kweli tupu, ila naongeza moja ambalo huku pwani linatumaliza.

Dada, angalia na rejeta yako. Kwenye gari hizi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, kuna kibomba chake ndani ya tangi moja. Huku kwetu watu hutia maji ya kisima, na maji yetu ni ya chumvi. Chuma kikiliwa, kile kibomba hutoboka kwa ndani, hapo maji na oili hukutana. Nje huoni hata tone. Mimi nilichomoa kijiti nikakuta oili imekuwa waridi iliyofifia, nzito, ina povu, na nikifungua mfuniko wa rejeta naona utando wa mafuta juu ya maji. Ukiona hivyo usiwashe gari tena hata kuipeleka karibu, ivutwe. Maji hubandua ile ngozi ya plate. Mimi nilibadilisha rejeta kwanza, kisha ikasafishwa ile njia ya kupoza, kisha oili ikamwagwa na kujazwa kwa mfululizo mpaka ikatoka nyekundu safi. Nilishukuru Mungu niliwahi, bado natembea nayo.

Tangu hapo ni kulanti tu, na ikikosekana ni maji ya kutonesha yale ya betri, si ya kisima. Bei ya kulanti haifiki hata robo ya giaboksi.

Dom_Magari

Fundi Tabata heshima yako, lakini mashine si adui. Kuna mashine zisizosukuma kwa presha yake zenyewe, zinafungwa kwenye mipira ya kupoza oili, pampu ya giaboksi yenyewe inatoa ya zamani na mashine inarudisha mpya kwa kiasi kile kile. Unamaliza siku moja na oili yote ni mpya. Kwa nini mtu amwage mara tatu wakati kila mara anachanganya oili safi na chafu?

FundiTabata

Dom_Magari, hoja yako naikubali, na mashine ya namna hiyo ninayo ofisini. Naitumia kwa gari ambayo naijua: imebadilishwa oili kwa vipindi, sampo imefunguliwa, chujio ni safi. Gari ya mwalimu hatujui hata moja kati ya hayo. Ukibadilisha oili yote kwa mashine bila kufungua sampo umeacha tope lote chini, na oili mpya ina sabuni nyingi za kusafishia, italiamsha lote kwa mpigo. Hiyo nusu chafu iliyobaki ndiyo inayofanya kazi iende taratibu. Gharama ya oili inazidi kidogo, ndiyo. Kwa mtu asiye na hela ya giaboksi nyingine, huko ndiko naona hela iende.

Tena mwalimu, suala la oili: fundi wa flashi alikuambia atatumia oili gani? Kama jibu lilikuwa "ATF ya pipa", yaani oili ya otomatiki isiyo na jina la aina, mkimbie.

Mwl_Kihesa

Asanteni sana, nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Nimepima leo baada ya kwenda Ipogolo na kurudi, nikaegesha kituo cha mafuta kama mlivyosema.

Kijiti kimeandikwa T-IV kweli. Oili iko chini ya alama ya chini ya HOT, karibu na COOL. Rangi ni ya hudhurungi iliyokolea, kwenye karatasi imeacha duara lenye kivuli katikati lakini siyo doa jeusi. Harufu siyo ile ya klachi. Vidoleni haikwaruzi. Mfuniko wa rejeta nimefungua asubuhi ikiwa baridi, maji ni ya kijani, hakuna mafuta. Kwa kurekodi na simu, N kwenda D haifiki sekunde moja, R ni kama sekunde moja na robo ikiwa ya moto. Asubuhi R inazidi sekunde mbili.

Nilimwomba kijana wa kituo amulike chini. Upande wa dereva, pale ekseli inapoingia kwenye giaboksi, pamelowa na vumbi limeganda.

FundiTabata

Mwalimu, hayo ni majibu mazuri sana. Imepungua, haijaungua. Na mahali inapopotelea umepaona: ni sili ya ekseli. Sili hiyo ibadilishwe kwanza au siku hiyo hiyo, kwa sababu kuitoa ekseli kunamwaga oili vilevile. Mwambie fundi asiigonge sili mpya kwa nyundo moja kwa moja, atafute bomba la upana wake aisukume iingie sawasawa. Na mdomo wake aupake oili ya giaboksi kabla ya kurudisha ekseli, la sivyo unachanika siku ya kwanza.

Sasa kumwaga. Chini ya gari hii kuna nati mbili zinazowachanganya vijana. Ya oili ya injini ina kichwa cha nje cha kushika kwa spana. Ya giaboksi ina tundu la elenikii katikati na iko kwenye sampo upande wa giaboksi. Nimeshapokea magari ambayo sevisi ya injini ilimwaga giaboksi, halafu injini ikajaziwa oili juu ya oili. Kwa hiyo simama pale na uangalie kinachotoka.

Gari iwe ya uvuguvugu, si ya moto wa safari, oili ya nyuzi 80 inababua ngozi. Iinuliwe kwa jeki na iwekwe juu ya stendi, mtu asiingie chini ya jeki peke yake. Ikishamaliza kudondoka, oili iliyotoka imiminwe kwenye chupa tupu za maji za lita moja na nusu. Hiki ndicho kipimo chako. Imetoka chupa moja na nusu, unarudisha chupa moja na nusu, kisha unaongeza ile iliyokuwa imepungua kwa kufuata kijiti. Ukimruhusu fundi ajaze kwa macho, atajaza kupita kiasi.

Kupita kiasi ni ubaya ule ule wa kupungua. Oili ikipanda mpaka ikafikia vyuma vinavyozunguka, inapigwa mpaka inatoa povu. Povu lina hewa, hewa inabonyea, presha inashuka, plate zinateleza, joto linapanda. Kwa hiyo unapokaribia alama, weka robo lita, tembeza gia P mpaka L na kurudi, pima, ndiyo uongeze tena. Inajaziwa kwenye bomba hilo hilo la kijiti, tafuta faneli yenye mdomo mwembamba na uifute vizuri, punje ya mchanga ikiingia hapo haitoki.

Washa ya nati, ile ringi ya kuzuia kuvuja, iwe mpya. Nati ikazwe kwa kiasi, sampo ni bati na nyuzi zake ni laini.

Mara hii ya kwanza sampo usiifungue. Acha oili mpya ifanye kazi. Tembea kama kilomita elfu moja, kisha mara ya pili ndiyo tuifungue.

Sinza_Vitz

Samahani kuingilia. Mimi nina Vitz ya 2006 cc 1300, nimetafuta kijiti cha giaboksi mpaka nimekata tamaa, hakipo. Na mimi nifuate hatua hizi hizi?

FundiTabata

Hapana, yako tafadhali usiifuatishe. Vitz hiyo ni CVT. Ndani hakuna zile gia nne, kuna mkanda wa chuma unaokaa kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Mkanda ule unaushika mwendo kwa msuguano wa chuma kwa chuma, na oili yake imetengenezwa kulinda chuma bila kuufanya uteleze. Ukiweka T-IV mkanda unateleza na kukwangua puli, na hapo hakuna matengenezo, ni kununua nyingine. Kwa za Toyota za miaka hiyo oili ni CVT TC, zilizofuata zikaja na FE. Hakikisha kwa namba ya chesesi kwenye duka la spea kabla hujanunua.

Kijiti hakipo kwa makusudi. Kipimo kinafanyika kwa chini, kuna nati ya kufurikia. Gari inakuwa tambarare juu ya lifti, injini inaunguruma, oili inafuatiliwa joto lake kwa mashine ya kusomea mpaka ifike takriban nyuzi 40, nati inafunguliwa, ziada inachuruzika mpaka ibaki kudondoka matone, inafungwa. Ikipimwa ya moto sana oili imetanuka, itamwagika nyingi na utabaki na upungufu. Kazi hii mpe fundi mwenye mashine ya kusomea joto, siyo wa kukadiria kwa kugusa na kiganja.

Mwl_Kihesa

Wakuu narudi na majibu. Kazi imefanyika Jumamosi, nikasimama pale mwanzo mwisho, fundi mwanzoni alinuna ila mwishoni akawa ananiita nije nione.

Sili ya ekseli ya zamani ilikuwa imekakamaa, ukiikunja inapasuka. Oili iliyotoka ilikuwa chupa moja na kama theluthi mbili ya nyingine, nyeusi kuliko ilivyoonekana kwenye kijiti. Tulirudisha kiasi hicho cha T-IV, nilinunua chupa zenye sili duka la spea, kisha tukaongeza robo robo mpaka ikakaa katikati ya HOT. Fundi alitaka kumalizia chupa yote "isibaki bure", nikakataa, iliyobaki iko nyumbani imefungwa.

Asubuhi ya leo R imeshika bila kishindo, muda wake ni kama sekunde moja na nusu. Nimefurahi sana. Maswali mawili yamebaki. Mara ya pili sampo ikifunguliwa niangalie nini? Na nikienda Dar mwezi ujao, huko milimani niendesheje?

Likoni_Probox

Hongera dada, umefanya kazi ya kiume. Kagua pale kwenye sili kila wiki kwa mwezi wa kwanza, upapase kwa kidole.

FundiTabata

Mwalimu, hongera. Kazi ya kiume au ya kike sijui, ila wateja wangu wangesimama namna hiyo ningekuwa nafungua giaboksi chache.

Mlimani: kwenye mkono wa gia kuna kitufe cha kuzima O/D (ovadraivu, ile gia ya juu kabisa). Kibonyeze kabla ya kuanza kupanda, taa ya O/D OFF itawaka kwenye dashibodi, hiyo siyo hitilafu. Gia ya nne imefungwa, gari haitakuwa inapanda na kushuka kila kona, na kule kupanda na kushuka ndiko kunakochemsha oili. Nyuma ya lori linalotambaa weka 2 kabisa. Kuteremka nako tumia 2, injini ikusaidie breki. Ukifika juu usizime gari mara moja, iache inaunguruma dakika chache maji na oili vizunguke.

Sampo ikifunguliwa, kitu cha kwanza ni sumaku. Zimo ndani ya sampo, zimebandikwa kwenye bati. Zitakuwa zimevaa tope la kijivu. Lichukue kidoleni ulisugue. Likiwa laini kama wanja, huo ni uchakavu wa kawaida wa miaka mingi, futa sumaku kwa kitambaa na uzirudishe pale pale zilipokuwa. Ukikuta vipande vinavyong'aa, sindano za chuma, au kipande chenye umbo la kitu, piga picha, usifunge, niandikie.

Chujio la gari hii kwa sehemu kubwa ni wavu wa chuma. Ibadilishwe ikipatikana ya uhakika, isipopatikana ioshwe kwa petroli na kupulizwa ikauke. Mabaki ya gasketi yakwanguliwe kwa kitu cha plastiki, si bisibisi. Fundi akitoa tyubu ya silikoni ili aweke juu ya gasketi, mzuie. Ile inayobanwa kuingia ndani inakatika, inafyonzwa na pampu, inakaa kwenye chujio, giaboksi inakufa kwa kiu. Boliti za sampo ni ndogo, zikazwe kwa zamu ya msalaba, kidogo kidogo, kwa mkono.

Ile oili nyeusi isimwagwe chini wala kwenye mtaro. Iache kwenye chupa zile zile, vituo vingi vya mafuta na gereji kubwa huwa na pipa la oili chafu.

Baada ya mara ya pili mimi huwashauri watu wa barabara zenye milima kubadilisha kila kilomita 40,000. Andika kilomita ya leo kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ya gundi, ibandike ndani ya boneti karibu na kijiti, pamoja na neno T-IV, ili hata fundi utakayemkuta njiani asiulize. Na picha ya hizo sumaku iweke hapa hapa kwenye uzi, nitaiangalia.